UZI: Nyufa za uchovu kwenye fremu ya paipu za gari la spoti, kwa nini ukichomelea zinarudi palepale

#1 Mzee wa Tigi (Midlands, Uingereza)

Wakuu heshima kwenu. Kule kwenye uzi wa magari ya kujiunganishia mwenyewe niliahidi kuleta habari ya nyufa za fremu, kazi zikanibana, leo nimepata nafasi. Ni ndefu kidogo, mwenye bando dogo asome kwa awamu.

Hapa karakana nna gari la mtindo wa Lotus Seven, kile kigari chembamba kisicho na paa ambacho Colin Chapman alikitoa 1957, Lotus walipoachana nacho 1973 haki zikaenda Caterham na mpaka leo kinaundwa. Hiki nilichonacho si cha kiwanda, kuna mtu alikiunganisha kwenye banda la nyumbani kwake zamani na kimeshapita mikono mingi, hata aliyekijenga hajulikani. Fremu ni paipu za mraba za inchi 1, ukuta milimita 1.6, juu yake bati za alumini zimepigwa ribiti. Gari zima halifiki kilo 600. Mwenye nalo kaja analalamika kwamba akikanyaga breki usukani unavuta kushoto, yeye anataka tubadilishe bushi tu aondoke. Kuinua gari, kung'oa bati la chini, paipu ya mbele kushoto imechanika pale ilipochomelewa breketi ya wishboni ya chini (ule mkono unaoshika gurudumu), ufa umezunguka karibu nusu ya paipu.

Sasa kilichonifanya niandike si huo ufa. Ni kwamba pale pale palikuwa na weldi ya zamani, fundi fulani aliuona ufa huu kabla yangu, akaujaza vizuri tu, mshono wenyewe unapendeza kwa macho, na ufa mpya umepita milimita chache pembeni ya ule mshono wake. Hii ndo kesi ninayokutana nayo kuliko zote. Ufa ukijazwa bila kujua paipu ilikuwa inachezeshwa na nini, umehamisha tu mahali pa kukatikia.

Kwa asiyejua, ufa wa uchovu hauletwi na ajali. Ni mzigo wa kawaida kabisa, ambao chuma kinaubeba bila kulalamika, ukirudi mara laki na laki sehemu ileile. Mjerumani August Wöhler ndo alilichimba hili jambo karne ya 19 kwa kuzungusha ekseli za treni kwenye mashine mpaka zikatike, maana ekseli zilikuwa zinakatika njiani na hakuna anayejua kwa nini, ile ajali ya treni ya Versailles ya 1842 ilianza na ekseli ya injini kukatika. Kwenye fremu ya paipu ufa karibu kila mara unaanzia ukingoni mwa mshono, pale weldi inapoishia na paipu inapoanzia. Pale umbo linabadilika ghafla kwa hiyo mkazo unajikusanya, kuna vijimfereji vidogo ambavyo welda kaviacha, na chuma kilipokuwa kinapoa kilijivuta kwa hiyo kimebaki na mkazo wa ndani hata gari likiwa limepaki. Na mshono una hesabu mbaya sana, ukizidisha mkazo unaokuja na kuondoka mara 2, umri wake haupungui nusu, unapungua kama mara 8. Kwa hiyo bushi iliyokufa au shokapu iliyokwisha inaweza kula miaka ya fremu kwa msimu mmoja.

Kuutafuta. Macho kwanza, tochi na kioo kidogo. Angalia mistari ya kutu ya kahawia inayochuruzika kutoka kwenye rangi ambayo haijakwaruzwa, hiyo ni kingo za ufa zinasagana ndani na kutoa unga. Ukishashuku mahali, toa rangi yote mpaka chuma kiwe cheupe, kwa dawa ya kutolea rangi au brashi laini. Usitumie grenda yenye diski ngumu, inalainisha chuma juu na kukifunika kile kiufa kama siagi. Hiyo ya siagi naomba mnisamehe, sina lugha nyingine.

Halafu ile dawa nyekundu ya kutafutia nyufa, inauzwa kwenye makopo 3 ya kupuliza: kisafishio, nyekundu, na nyeupe. Unasafisha, unapuliza nyekundu, unaiacha dakika 10 mpaka 20 iingie, halafu unafuta kwa kitambaa chenye kisafishio. Hapa wengi wanakosea, wanapuliza kisafishio moja kwa moja kwenye chuma na kuiosha ile nyekundu mpaka ndani ya ufa, wakija kuweka nyeupe hawaoni kitu wanasema fremu haina ufa. Puliza kwenye kitambaa, futa, ndo uje na nyeupe iwe kama vumbi la chokaa. Kwenye hili gari nilisubiri kidogo, kikatokea kijistari chekundu chembamba kama uzi kando ya mshono, kikaendelea kukua taratibu, kikapinda kona ya paipu na kuingia ule upande wa juu ambao kwa macho ulikuwa mzima kabisa. Ufa uliouona kwa macho ni mfupi kuliko ufa ulio nao, hilo liwekeni kichwani kabla hamjaamua pa kukata.

Tahadhari kubwa kabla sijasahau. Zipo dawa za kusafishia breki zenye klorini. Ukisafishia paipu kwa hizo halafu ukawasha tigi (weldi ya arki inayolindwa na gesi ya argoni) juu yake, mwanga na joto la arki vinatengeneza gesi ya fosjini, ileile iliyoua askari kwenye vita kuu ya kwanza. Soma kopo. Kama huelewi kilichoandikwa tumia asetoni, acha ikauke kabisa.

Matibabu ya hili gari sasa. Kuchomelea ufa ungewezekana kama ungekuwa mfupi na paipu nene, lakini nusu mzunguko, na weldi ya zamani juu yake, sikuona sababu. Nimekata kipande chote kutoka maungio mpaka maungio nikaweka paipu mpya. Kabla ya kukata nilipima mishazari yote ya fremu na kuandika ukutani kwa chaki, nikafunga fremu kwenye meza ya chuma, kwa sababu ukishakata paipu fremu inajifungua kidogo na ukichomelea inavutwa upande wa mshono. Betri nje, nyaya za alteneta zimechomolewa, tanki la mafuta nje ya jengo kabisa. Nyaya za kujazia mshono za ER70S-2, gesi ya argoni, chuma safi sentimita 2 na nusu kila upande, weldi za nukta ndogo ndogo kwanza pande zote halafu unarukaruka, hukai upande mmoja mpaka umalize. Na unaacha tundu dogo la kupumulia, paipu iliyofungwa kote hewa ya ndani ikipata moto inakutemea ule mshono wa mwisho usoni. Tundu linazibwa baadaye, la sivyo maji yataingia na paipu itaoza kwa ndani.

Kile kipande kilichotoka nilikivunja kabisa kwenye jiriwa ili niusome uso wa ufa. Ukiwa na lenzi ni kama unasoma barua. Upande mmoja una rangi ya kahawia iliyokolea, hapo ndo pa siku nyingi, kutu imeshakaa. Unafuata uso laini wenye mistari ya duara duara midogo, yote imepazunguka mahali pamoja, na mahali penyewe ni kijimfereji kando ya mshono wa yule fundi. Mwisho kuna kijivu cha kukwaruza, hicho nimekivunja mimi. Kwa hiyo nilijua ulianzia wapi.

Na kwa nini? Breketi ilikuwa imechomelewa katikati ya ubavu wa paipu ya mraba. Ubavu wa milimita 1.6 ukisukumwa katikati unabonyea na kurudi, unabonyea na kurudi, kila ukifunga breki. Kona za paipu ndo zenye nguvu, katikati hakuna kitu. Breketi mpya nimeiweka juu ya bati la kusambaza mzigo linalofika kona zote mbili, ncha zake nimezichonga zikawa nyembamba, na sijachomelea kukatisha ncha. Ingekuwa fremu mpya ningeihamisha breketi nzima iende kwenye maungio ya paipu, lakini ukifanya hivo jiometri ya wishboni inabadilika, na hilo ni gari lingine.

Maswali karibuni.

#2 kijana wa Tegeta

Uzi tayari. Nakaa hapa mbele kabisa.

#3 Fundi Gerezani

Mkuu nakuheshimu ila mmezidi kuremba haya mambo. Sisi huku tunachomelea chesisi za maroli kila siku, fuso inakuja imekatika kabisa, unapiga weldi ya vijiti, unapiga bati juu la milimita 8, inarudi Tunduma na tani zake. Chuma ni kama waya, ukiukunja kunja unakatika, ukiufanya mnene haukunjiki imeisha hiyo. Hizo dawa nyekundu sijui nyeupe mteja wa Dar nani atalipia.

#4 Mzee wa Tigi

Fundi Gerezani shikamoo kama umenizidi umri. Weldi ya vijiti kwenye chesisi ya roli siipingi, reli ya roli ina milimita 7, 8, inameza ule moto. Kwenye paipu ya 1.6 kijiti kinatoboa au kinagandia juu juu bila kuingia, na kila unapowasha na kuzima kijiti unaacha kidonda. Migi (ile weldi ya waya unaojisukuma wenyewe) nayo inafanyika, ila ina tabia ya kuanza baridi, sentimita ya kwanza ya mshono haijashika vizuri, na bahati mbaya sentimita ya kwanza huwa kwenye kona.

Mfano wa waya nao unapotosha kidogo. Waya unaukunja mpaka macho yanaona umekunjika na unakatika kwa mikunjo michache. Paipu hii haijawahi kupinda hata siku moja. Ukiipima wakati gari linatembea utaona imenyumbuka unywele na kurudi sawasawa ilivokuwa, na bado imekatika.

Na lile bati nene la juu ndo hasa linanipa kazi. Bati la mstatili, limechomelewa pande zote nne, limekatisha paipu. Umeongeza ugumu katikati, mzigo hauna pa kunyumbukia, wote unakwenda kwenye mstari pale bati linapoishia, na pale umeweka mshono unaokatisha. Nenda kaangalie maroli yenu hayohayo yaliyopigwa bati mwaka juzi, angalia mwisho wa bati.

#5 Fundi Gerezani

Marahaba. Hapo mwisho wa bati umenikamata, ni kweli yanakatikia hapo, sisi huwa tunaongeza bati refu zaidi 😂

#6 Buggy ya Kiambu

Boss salamu kutoka Kenya. Mimi nacheza autocross, buggy ya paipu, tuliijenga wenyewe na fundi wa jua kali, injini ya Subaru nyuma. Shida yangu ni mauntingi ya injini, pale injini inafungwa kwa fremu, upande wa kulia, inakreki kila baada ya mashindano kadhaa, tunachomelea, inakreki tena. Sasa fundi anasema tutoe hiyo paipu tuweke chromoly, ile chuma kali ya kuchanganywa na kromiamu na molibdenamu, ndio itadumu. Bei yake ni kali. Nimeona pia haya magari ya Rally1, daraja la juu la rali ya dunia, tangu 2022 yanajengwa na fremu ya paipu, si yale ya zamani ya bodi ya kawaida, na yakikuja Naivasha yanapigwa na mawe na fesh fesh (lile vumbi laini la kuzamisha) siku nne na hayakreki, Toyota walichukua nafasi 1 mpaka 4 hiyo 2022. Si hiyo ni chromoly?

#7 Injinia Nusu Mshahara

Hapa naomba nidakie kwa sababu ni kitu kimoja kinaniudhi sana.

Chromoly ina nguvu kuliko chuma laini, hilo halina ubishi, ukiigonga itachelewa kupinda na ndo maana inafaa kwenye keji ya kumlinda dereva. Lakini (a) ugumu wake wa kunyumbuka ni uleule wa chuma cha kawaida, paipu yenye vipimo sawa itacheza sawasawa na ile ya zamani, na (b) kwenye uchovu wa mshono, nguvu ya chuma karibu haisaidii. Ufa umeshazaliwa na kile kijimfereji ukingoni mwa weldi, na unavyokua haujali sana chuma ni cha bei gani. Viwango vya kusanifu mishono vinatoa namba zilezile kwa chuma laini na chuma kikali. Mbaya zaidi watu wakinunua chromoly wanapunguza unene ili gari liwe jepesi, mkazo unapanda, na ile hesabu ya mara 8 aliyoitaja Mzee wa Tigi inageuka kuwa adui. Kwa hiyo ndugu yangu wa Kiambu unaweza kulipa hela nyingi ukakreki mapema zaidi.

Kuhusu Rally1, kile kilichowekwa kwenye yale magari kimesanifiwa na kompyuta mpaka kila maungio, na timu inayavua na kuyakagua baada ya kila rali. Chuma ni sehemu ndogo ya hadithi.

Kitu kingine ambacho hakijasemwa: chuma kisicho na mshono wala kasoro kina kikomo, ukikipa mkazo chini ya hapo kinaweza kwenda milele. Alumini haina hicho kikomo. Porsche 917 ya 1969 ilikuwa na fremu ya paipu za alumini zilizochomelewa, nyepesi ajabu, na Porsche walijua itapasuka tu, kilichobaki ni lini. Walichofanya walizijaza zile paipu gesi yenye presha na kumwekea dereva geji. Presha ikishuka maana yake kuna mshono umefunguka mahali, punguza mwendo urudi. 1971 gari lililoshinda Le Mans na Helmut Marko na Gijs van Lennep lilikuwa na fremu ya magnesi, sijui walilala usingizi gani usiku ule.

#8 kijana wa Tegeta

Geji ya ufa 😂😂 yaani unaendesha huku unaangalia kama gari linakatika. Wazungu.

#9 Mzee wa Tigi

Injinia kamaliza. Buggy ya Kiambu mimi nakuuliza maswali badala ya kukujibu, kwa sababu kwa mbali siwezi kujua:

Mpira wa mauntingi bado upo au mmefunga chuma kwa chuma? Bolti inapita ndani ya paipu tupu, au ndani kuna kijipaipu cha kuzuia isibonyee? Maana bolti ikipita kwenye paipu tupu, ukikaza unaibana paipu, inabonyea, kesho bolti imelegea, injini inapigapiga, na hapo hata ungeweka reli ya treni itakreki. Breketi imekaa karibu na maungio ya paipu au katikati ya paipu ndefu? Na ufa unaanza wapi, juu au chini? Ukianza juu ujue juu ndo panapovutwa, inakuambia injini inasukuma upande gani.

Tuma picha, osha kwanza.

#10 Bi Hanga (Wilson, Nairobi)

Kaka zangu hamjambo. Mimi si mtu wa magari, nafanya kazi kwenye hanga la ndege ndogo uwanja wa ndege wa Wilson, lakini uzi umenivuta kwa sababu hii ndiyo kazi yetu. Ndege kama Piper Super Cub, zile wanazotumia watu wa wanyamapori kufanya doria, mwili wake ni fremu ya paipu za chuma zilizochomelewa na kufunikwa kitambaa. Zinatua kwenye viwanja vya mawe, kwa hiyo nyufa pale miguu ya magurudumu inapofungwa tunazijua.

Sisi hatuna uhuru wa kubuni, kuna vitabu vya ukarabati vinavyosema kila kitu, na ukiwaza vizuri vinafaa gari pia. Paipu ikibadilishwa katikati hatuikati wima. Tunakata mshazari wa digrii 30, au tunakata mdomo wa samaki, ili mshono usizunguke paipu yote sehemu moja. Ukikata wima, ile sehemu yote iliyopata joto na kudhoofika iko kwenye mstari mmoja, ikianza kukatika inakatika yote. Ndani tunaingiza kipande cha paipu kinachoingia kwa kubana, tunaacha nafasi ya kama milimita 3 kati ya ncha mbili ili weldi ishike paipu zote tatu, na kwenye zile paipu za nje tunatoboa matundu na kuyajaza weldi ili kile cha ndani kishikwe pia mbali na mshono.

Weldi ya zamani haichomelewi juu. Inatolewa yote kwa tupa mpaka chuma cha asili. Na baada ya kumaliza tunaiacha ipoe yenyewe, hakuna kitambaa cha maji, hakuna kompresa, mlango wa hanga unafungwa upepo usipite. Paipu za chromoly ukizipoza haraka pembeni ya mshono panakuwa pagumu na pa kuvunjika. Kwa unene huu mdogo kupasha moto kabla si lazima, lakini upepo wa Wilson asubuhi ya Julai ni kitu kingine.

Mwisho tunamimina mafuta ya kitani yaliyochemshwa ndani ya paipu, tunaizungusha, tunamwaga yanayobaki, tunaziba. Kutu ya ndani haionekani na ndiyo inayotupa hofu.

Swali kwa Mzee wa Tigi: hujasema kitu kuhusu kutoboa mwisho wa ufa. Kwa makusudi?

#11 Mzee wa Tigi

Dada asante sana, huo mdomo wa samaki nilitaka kuuandika nikaona uzi unarefuka.

Kutoboa sikusema kwa sababu nilikata paipu yote. Lakini ukiwa na ufa mfupi unaotaka kuuchomelea, mimi natoboa tundu la milimita 3, si kwenye ncha ninayoiona bali mbele yake kidogo, halafu nachimba ufa uwe mfano wa V, najaza. Kama hukutoboa, joto la weldi linaufukuza ufa mbele yako, unachomelea huku unakimbia.

#12 Bi Hanga

Hapo tutatofautiana kidogo kaka. Ukiuchimba ufa wote mpaka dawa nyekundu haioneshi kitu, ncha haipo tena, tundu la nini. Na tundu ukilijaza vibaya ni kasoro mpya umeitengeneza mwenyewe. Kutoboa sisi kunatusaidia kwenye bati ambalo halitachomelewa, unausimamisha ufa mpaka siku ya matengenezo. Kwenye paipu ya kuchomelea nachimba, napima tena kwa dawa, nasafisha dawa yote maana ikibaki inachafua weldi, ndo nachoma.

#13 Mzee wa Tigi

Kwenye paipu ya 1.6 kuchimba wote na kupima tena ni sawa na kuikata. Ndo maana natoboa. Ila sikatai, ukiwa na nafasi na subira njia yako ni safi zaidi.

#14 Mdau wa Leicester

Mzee wa Tigi tupo jirani. Nna fremu ya zamani ya gari la mashindano, miaka ya 60, maungio yake yamekaa kama yamepakwa kitu cha njano njano chini ya rangi. Kuna ufa mmoja karibu na sanduku la usukani. Nije nalo upige tigi?

#15 Mzee wa Tigi

USIMRUHUSU MTU YEYOTE APIGE TIGI HAPO. Samahani kwa herufi kubwa.

Hiyo njano ni shaba ya kuunganishia, wakati ule fremu nyingi nzuri za Kiingereza, zile za paipu nyembamba za chuma kikali cha Reynolds 531 hasa, ziliunganishwa kwa shaba na moto wa gesi, joto dogo, paipu haiharibiki. Ukiweka arki juu yake shaba inayeyuka na kuingia kati ya chembe za chuma, chuma kinapasuka wakati unachomelea ukiangalia, na hakuna namna ya kuitoa shaba ikishaingia. Kwaruza kidogo kwa tupa, njano ikitokea, basi ni ama kuunganisha tena kwa shaba na gesi, ama kukata paipu mbali na ile shaba na kuweka mpya. Njoo nayo tuitazame, lete na bati zote, na usiipeleke kwenye mchanga wa kupulizia kabla sijaiona, mchanga wa presha unafunga midomo ya nyufa kama grenda.

#16 Buggy ya Kiambu

Nimerudi. Tumeosha, tumetoa injini. Mpira wa mauntingi upo lakini ni wa gari la kawaida umekwisha, ukisukuma injini na mkono inacheza. Bolti inapita kwa paipu tupu, hakuna kijipaipu ndani, na shimo limekuwa yai. Breketi iko katikati ya paipu ndefu, hakuna paipu ingine inakuja hapo. Ufa unaanza juu. Kwani ulikuwa hapa unatuangalia?

Fundi wangu sasa anasema tuweke bati kubwa pande zote mbili na chromoly tuachane nayo.

#17 Mzee wa Tigi

Bati kubwa hapana. Fanya hivi: ile paipu iliyokreki kata yote, weka mpya ya chuma hichohicho na unene uleule. Pale breketi inapokaa leta paipu moja ya mshazari kutoka kwenye maungio ya karibu, ile ya chini inayoshika sanduku la gia kama ipo, ili mzigo wa injini uingie kwenye paipu kwa kuisukuma na kuivuta kwa urefu badala ya kuipinda katikati. Paipu ya kupindwa katikati haina maisha. Bolti iwekee kijipaipu cha ndani, kichomelewe pande mbili, ukikaza unakaza chuma kwa chuma na si kubana hewa. Mpira mpya, mgumu kuliko wa gari la kawaida lakini uwe mpira.

Ukishindwa kupata tigi, fundi mzuri wa gesi anatosha kwa paipu hizi.

Na rangi: usiende kwenye ile ya unga wa kuoka. Inanyumbuka, ufa unakua chini yake na juu panang'aa tu. Paka rangi ya kawaida, koti moja jembamba, nyeupe au kijivu cha mwanga, ili kutu ikianza kutoka uione kabla ya mashindano. Nyeusi inaficha kila kitu.

#18 Buggy ya Kiambu

Sawa boss. Lakini rangi ya buggy ni nyeusi na sponsa ndio aliitaka.

#19 Mzee wa Tigi

Mwambie sponsa bodi iwe nyeusi, fremu iwe nyeupe. Ile picha ya pili ya mauntingi ya kushoto haifunguki kwangu, itume tena, nataka kuona kama na yenyewe shimo limeanza kuwa yai.